Njia Ngumu za Bwindi: Mlima Mfupi Usikudanganye

Kila msimu wa ukame ukikaribia, watu hunipigia simu na swali lilelile: "Mwalimu, huko Bwindi kuna ugonjwa wa mlima?" Wamesikia habari za milima ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, wakaogopa kichwa kugonga na pumzi kukatika. Huwa nawatuliza. Ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua baadhi ya watu kwenye mita 2,500 hivi, na Rwamunyonyi, kilele kirefu kuliko vyote katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, kina mita 2,607. Sehemu kubwa ya msitu iko chini ya hapo, na upande wa kaskazini ardhi inashuka hadi mita 1,160. Lakini nikishawatuliza, huwa nawauliza swali langu: mara ya mwisho umeshuka mteremko wa saa mbili, kwenye tope, ni lini?

Kazi yangu ni kufundisha waongozaji wa watalii, na katika miaka yote hiyo nimewaona watu wengi wakiumia kwenye milima mifupi yenye msitu kwa sababu waliidharau. Mtu anaona mita 2,600, anaona kilomita 14, anapiga hesabu kana kwamba anatembea barabara ya Entebbe. Anakuja na raba za mjini, jinzi na chupa moja ya maji.

Kwanza aielewe ardhi yenyewe. Bwindi iko ukingoni mwa Bonde la Ufa la Magharibi, katika wilaya za Kanungu, Rubanda na Kisoro. Ardhi iliinuliwa juu, kisha mito ikaichonga kwa muda mrefu sana: Ivi, Munyaga, Ihihizo, Ishasha, yote ikielekea Ziwa Edward. Kilichobaki ni migongo mikali na mabonde membamba, mmoja baada ya mwingine, karibu hakuna tambarare ya kupumzishia miguu. Mvua ni kati ya milimita 1,400 na 1,900 kwa mwaka, nyingi ikinyesha Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na udongo wake mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Msitu huu ulihifadhiwa tangu 1932, ukawa hifadhi ya taifa 1991, na 1994 UNESCO ikauweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huja hasa kwa ajili ya sokwe wa milimani, yaani gorila, ambao sensa iliyotangazwa 2019 iliwahesabu 459 katika msitu huu pamoja na ule wa Sarambwe, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Wanaokuja kutembea tu ni wachache zaidi, na hao ndio ninaowaandikia.

Chukua njia ya Buhoma hadi Nkuringo. Haikuchongwa kwa ajili ya mtalii. Wanakijiji waliipita kwa miguu zamani kwenda kuuza na kutembelea ndugu, na Wabatwa, walioishi msituni kabla ya kuondolewa hifadhi ilipotangazwa, waliijua kila kona yake. Ina kama kilomita 14. Buhoma iko kwenye mita 1,500 hivi, Nkuringo zaidi ya mita 2,100. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo tunaifundisha hadi leo, na kwa vipimo vya sasa inasema hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Piga hesabu. Kilomita 14 ni saa mbili na dakika 48, kupanda ni saa moja zaidi. Jumla haifiki saa nne. Lakini wanaoipita njia hii hutumia saa sita au saba.

Saa hizo mbili au tatu za ziada zimekwenda kwenye mizizi. Zimekwenda kwenye gogo lililoanguka usiku ambalo renja, askari wa hifadhi, analikata kwa panga huku nyinyi mmesimama. Zimekwenda kwenye vijito, na kwenye hatua ndogondogo za mtu asiyeamini anapokanyaga. Naismith alikuwa akifikiria vilima vya kwao vilivyo wazi. Msitu wa mvua una hesabu yake, na mimi huwaambia wanafunzi wazidishe jibu la kanuni mara mbili, halafu wakifika mapema washukuru.

Njia ya Mianzi, inayoanzia Ruhija na kufika Rwamunyonyi, ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu kwenye karatasi inaonekana rahisi. Ruhija yenyewe iko takriban mita 2,300, kwa hiyo kati ya lango na kilele ni kama mita 300 tu. Mtu anasema, hicho ni kilima. Lakini njia haipandi moja kwa moja: inashuka, inapanda, inashuka tena, na ukirudi unavilipa vipando vyote ulivyovisahau wakati wa kwenda. Ni siku nzima. Ile ya kwenda kwenye kinamasi cha Mubwindi, inayoanzia hukohuko Ruhija, ni fupi, saa tatu au nne, ila inakuteremsha kwanza na kukupandisha wakati umeshachoka. Wapenzi wa ndege huivumilia kwa ajili ya ndege mmoja mdogo wa kijani anayetaga huko. Maporomoko ya mto Munyaga karibu na Buhoma, refu zaidi likiwa na mita 33, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyezoea, ila mawe ya pale yana utando wa kijani usioonekana mpaka uteleze.

Sasa nikae kidogo kwenye kushuka, maana hapa ndipo wengi huvunjika. Ukipanda, moyo ndio unaolalamika, na moyo ukilalamika unasimama, unahema, unaendelea. Ukishuka, misuli ya paja inafanya kazi ya breki: inajinyoosha huku imebeba uzito wako wote, hatua kwa hatua, maelfu ya hatua. Haikuonyi. Unajisikia mzima kabisa, kisha kwenye saa ya tatu goti linaanza kutetemeka lenyewe, na mguu uliotaka kuuweka hapa unatua pale.

Mtu anayeogopa huegemea nyuma. Uzito unahamia kisigino, kisigino kinateleza, anakaa kwenye tope bila kutaka. Fanya kinyume chake. Kunja magoti kidogo, kiwiliwili kiwe juu ya miguu, hatua ziwe fupi, na nyayo uziweke kiupande, zikate mteremko. Fimbo itangulie: ichome chini yako, ijaribu, ndipo mguu ufuate. Mzizi uliolowa usiukanyage kwa urefu wake hata siku moja. Upite juu, au uukanyage kwa kuukata katikati ya unyayo. Na mkono usidake chochote kilicho karibu. Kuna kangaga kubwa kama miti, nzuri sana kwa macho, ambazo shina lake limejaa miiba, nazo hupenda kuota palepale mtu anapotafuta pa kujishikilia. Vaa glavu ngumu za bustani. Bei yake ni ndogo, na nimewahi kutoa miiba kumi na moja kwenye kiganja kimoja.

Ukivunjika mguu katikati ya bonde, hakuna gari litakalokufuata. Utabebwa. Watu wa Kigezi, eneo hili la kusini-magharibi, wana engozi, machela iliyosukwa ambayo tangu zamani wamebebea wagonjwa kutoka vijijini hadi kwenye matibabu, na vijiji vina vyama vyake kabisa vya kusaidiana kubeba. Wanne wanaweka miti mabegani, wengine wanatembea kando wakisubiri zamu. Siku hizi hata mgeni aliyeishiwa nguvu hubebwa vivyo hivyo, na vijana huiita helikopta. Nimetembea nyuma ya machela hiyo mvua ikinyesha. Wabebaji walikuwa wakiitana kwa Rukiga, lugha yao, kila penye jiwe, yule wa mbele akisema, wa nyuma akiitika, na mgonjwa hakuguswa na tawi hata moja. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini ilichukua saa tano, na yote ilitokana na kiatu chenye soli iliyolika.

Baridi nayo watu huikataa. Watauliza, baridi ya wapi karibu na Ikweta? Halijoto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Ruhija asubuhi inaweza kuwa nyuzi 7. Ongeza mvua na upepo wa mgongo wa mlima. Mwaka mmoja tulikuwa kwenye mianzi na kijana mwenye nguvu kuliko sisi sote, amevaa fulana ya pamba. Mvua ilitupiga kwa saa moja. Tuliposimama kula, niliona anahangaika na kifungo cha mfuko wake, vidole vinakipapasa bila kukifungua, naye anacheka. Nikamuuliza jina la mama yake, akalitamka kama mlevi. Hapo hatukula tena. Tulimvua fulana, tukamvika sweta kavu na kofia, tukampa chai ya moto yenye sukari nyingi, tukageuka. Kutetemeka, vidole kutotii, ulimi kuwa mzito, kujikwaa: ukiona mawili kati ya hayo kwa mwenzako, usimwulize kama yuko sawa, atakwambia yuko sawa. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, hiyo ni hatari kubwa.

Pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Sufu na nguo za michezo hukauka haraka. Si lazima utumie fedha nyingi: kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala, utapata sweta ya sufu na koti la mvua la maana kama una subira ya kupekua. Kuhusu viatu, marenja na wapagazi wengi huvaa gambuti, nami nazipenda kwa kinamasi cha Mubwindi, ambako nyayo za tembo huacha mashimo yaliyojaa maji yanayomeza mguu hadi kwenye muundi. Kwa Buhoma hadi Nkuringo napendelea buti inayoshika kifundo.

Suruali iingie ndani ya soksi, soksi nje. Hiyo ni kwa ajili ya siafu. Renja akisema "siafu!" usisimame kutazama ni wapi, pita mbio mpaka aseme basi, kisha ndipo ukague miguu. Kwa tembo na sokwe, fanya anachosema yeye, na sokwe waachie mita 10. Huruhusiwi kuingia bila renja, na mimi sioni kwa nini mtu angetaka.

Kuhusu saa. Bwindi jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, lakini chini ya miti giza linaingia tangu saa kumi na mbili. Jina lenyewe la msitu, kwa wenyeji, linabeba giza hilo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mkubaliane saa ya kugeuka. Kwa Rwamunyonyi, mkianza saa mbili asubuhi, mimi huweka saa saba mchana: mkiwa popote pale, hata kama kilele kinaonekana, mnarudi. Tochi iwe begini hata hivyo. Na kijito kilichofika kifundoni asubuhi kinaweza kufika gotini jioni baada ya mvua. Fungua mkanda wa begi kiunoni kabla ya kuvuka, ili ukianguka ulitupe.

Chukua mpagazi langoni. Ni vijana na kina mama wa vijiji vya jirani, na yule mkono wake unaokushika kwenye mteremko una thamani kuliko begi analokubebea. Chakula kiwe kizito kwa tumbo na chepesi kwa mgongo: karanga, chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya bushera, kinywaji cha mtama, kama unaipenda.

Aliye Kampala aanze wiki sita kabla. Mji una vilima vya kutosha: Naguru, Muyenga, Mutungo. Mara mbili kwa wiki, na begi lenye lita tano za maji, panda kwa mguu, na usirudi kwa bodaboda. Shuka mwenyewe, polepole, ukiwa umevaa viatu vilevile utakavyovaa msituni.