"Chupa gani, mama?": kuisema picha ya mwenzako

Jumamosi moja alasiri, kwenye baraza ya kituo chetu hapa Malindi, kijana mmoja mwendesha tuktuk alitoa simu akatuonyesha yangeyange aliyempiga picha kwenye mlango wa Mto Sabaki. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. "Nzuri." "Nzuri sana." "Hatari!" Ilipomfikia mama mmoja muuza mahamri, ambaye huja kwetu kumsindikiza mwanawe, aliitazama kitambo kisha akasema, "Mwanangu, jicho langu limekwenda kwenye chupa."

"Chupa gani, mama?"

Kweli ilikuwapo. Chupa ya plastiki ya buluu, pembeni chini kushoto, nusu imezama topeni. Kijana alikuwa na picha ile siku tatu na hajaiona, kwa sababu muda wote yeye alikuwa akimtazama ndege.

Kazi yangu ni elimu kwa umma, na picha nyingi ninazoletewa ni za watu wasiokula kwa kamera: walimu, wavuvi, vijana wa sekondari, waongoza watalii. Katika kuzipitia, sijasikia maoni yaliyomfaa mpigapicha kuliko yale ya mama wa mahamri. Hakusema picha ni nzuri wala mbaya. Alisema jicho lake limekwenda wapi. Kwa hilo huhitaji kuijua kamera hata kidogo, na aliyepiga picha hawezi kukubishia, maana jicho ni lako.

Watu hupenda kunikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, lakini nendeni mkawasikilize wanywaji wa mnazi wenyewe. Hawasemi "nzuri" wakaishia hapo. Watakuambia hili ni la asubuhi, hili limeanza kuchacha, hili la mnazi mwingine. Mgema anayeambiwa hivyo anajua kesho apande mnazi upi. Picha nayo isifiwe kwa kutajwa kitu: "Nimependa ulivyomshika ndege mguu mmoja ukiwa juu, maji bado yanadondoka." Hapo mtu anajua nini arudie.

Turudi kwa yule yangeyange, kwa sababu alikuwa na tatizo lingine ambalo wengi huliona wasijue kulieleza. Mwili wake wote ulikuwa doa jeupe, hata unyoya mmoja hauonekani. Mmoja wetu alimwambia kijana, "Imeungua." Ni kweli, lakini afanye nini? Maelezo yenye manufaa yangekuwa haya: maji ya Sabaki yana udongo, ni ya kahawia, na ndege alikuwa mdogo katikati yake. Kamera hupima mwanga wa eneo zima, ikaona giza kuliko kawaida, ikaongeza mwanga, na mweupe akaungua. Sehemu ikishaungua hivyo hakuna programu itakayoirudisha, kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa. Kwenye simu, mguse ndege kwenye kioo, kisha uteremshe kile kijua kidogo kinachotokea mpaka manyoya yaonekane. Mwenye kamera apunguze mwanga hatua moja, atazame, apunguze tena ikibidi.

Na saa aliyokwenda? Saa saba mchana. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, ule mwanga laini wa alfajiri hauchukui muda kuondoka. Ukifika mapema, kumbuka kwamba jua linatoka upande wa bahari: ukiielekea bahari unapata kivuli cha ndege tu, ukiipa mgongo unampata mwenyewe. Maoni ya namna hii, yanayomjua mtu na ufuo wake, yana uzito kuliko kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa picha mafungu matatu na kutomweka mhusika katikati, ambayo kila aliyesoma ukurasa mmoja wa upigapicha huitaja. Siipingi. Ila nimechoka kuisikia ikiambiwa mtu ambaye ndege wake ametikisika kwa sababu alimpiga akiwa anaruka, kamera ikiwa kwenye kasi ya 1/125 ya sekunde, wakati alihitaji 1/1000 au zaidi.

Nami nimewahi kuharibu. Miaka ya nyuma msichana wa shule aliniletea picha ya mtoto wa kasa akielekea majini. Nilikaa na kalamu nikamwandikia makosa kumi na moja. Yote yalikuwa ya kweli: mstari wa bahari umeinama, mchanga umezidi, fokasi iko kwenye kisigino cha mtu nyuma, na kuendelea. Akanishukuru kwa adabu, akakunja karatasi mara nne, hakurudi tena. Siku hizi natoa mawili tu, na la kwanza liwe lile linaloweza kurekebishwa kesho asubuhi.

Kwenye picha ile ile ya kasa, jambo lililostahili kusemwa sikulisema: ulitumia mwanga gani? Watoto wa kasa huufuata mwanga kuelekea baharini, kwa hiyo tochi au flashi usiku huwapoteza njia, na kasa jike aliyepanda ufukweni kutaga anaweza kugeuka akarudi majini bila kutaga. Picha ya viumbe wa pori ina swali hili kabla ya maswali ya urembo. Ukiona kinda wazi kiotani, matawi yamekatwa kando, uliza nani aliyakata. Ukiona picha ya matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, uliza mpigapicha alisimama juu ya nini. Lakini ikiwa picha hiyo ya chini ya maji ni ya buluu tupu, msimlaumu mtu: maji humeza wekundu kwanza, na dawa ni kumsogelea samaki, polepole.

Kwa upande wa anayepokea, kubwa ni kunyamaza kwanza. Tuna tabia ya kuitetea picha kabla mwenzetu hajamaliza: "Lakini jua lilikuwa kali, lakini simu yangu hii ya zamani." Mtazamaji akisikia hayo anakuhurumia, na akishakuhurumia hakuambii kitu. Muulize alianza kutazama wapi. Kama watu wawili ambao hawakusikilizana wametaja chupa ile ile, iondoe. Kama ni mmoja tu na hupendi alichosema, una haki ya kukiacha. Wengine wanapenda kila picha iwe na machweo.

Yule kijana wa tuktuk alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa ameegesha Sabaki kabla jua halijatoka, akapiga magoti topeni mpaka simu ikalingana na jicho la ndege. Manyoya yalionekana moja moja. Hakukuwa na chupa. Akampa mama simu kwanza, kabla yetu sote.

Mama akaivuta picha kwa vidole viwili. "Mzuri. Lakini anatazama nini huko pembeni? Nami nataka kuona."

Kijana akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akaichukua simu, akaitazama tena. "Sijui, mama. Nilimkata pale. Kesho nitamngoja."