Je, wajua kwa nini baada ya dhoruba ya theluji, hatari ya maporomoko hujificha upande usio na upepo?

Dhoruba imepita kwenye milima ya Alps, Ulaya. Anga ni buluu, na mteremko umetulia kama shuka lililopigwa pasi. Mgeni huona pa kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu zinazovaliwa miguuni. Mwenyeji huuliza kwanza: upepo ulivuma kutoka wapi?

Upepo huhamisha hata theluji iliyokwisha kuanguka. Huikwangua upande unaopigwa, yaani joshini kwa lugha ya mabaharia wetu, huivusha ukingo wa mlima na kuimwaga demani, ambako hewa imetulia. Hapo theluji inaweza kurundikana mara 10 kwa kasi kuliko inavyodondoka kutoka angani. Uani kijijini ni kina cha kifundo cha mguu; nyuma ya ukingo kule juu mtu anazama.

Wingi huo ni nusu ya tatizo. Chembe zikiburutwa na upepo huvunjikavunjika, kisha vipande hushikamana vikawa bamba gumu. Chini yake huenda kukawa na theluji nyepesi isiyo na nguvu, kama vigae vilivyotandazwa juu ya pumba za mpunga. Mtu mmoja akikanyaga, pumba hubonyea, ufa hukimbia, na bamba zima huachia, mara nyingi likikatikia mteremkoni, juu ya pale aliposimama. Ndiyo maana katika ajali takriban 9 kati ya 10, poromoko lililomfunika mtu lilianzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake.

Si zote, lakini. Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999, watu 31 walikufa kijijini baada ya dhoruba mfululizo na upepo kuujaza theluji mlima ulio juu yao.

Wazoefu husoma nini? Mwinamo kwanza: mabamba mengi huachia penye nyuzi 30 hadi 45. Kisha kilele: theluji iliyoning'inia kama upenu huelekea demani, hivyo inakuonyesha mzigo umeshushwa wapi. Theluji inayolia kama ngoma ikigongwa ni ya kutiliwa shaka. Na ukisikia mvumo mzito chini ya miguu, kama gunia la mahindi limebwagwa chumba cha pili, au nyufa zikichomoka mbele ya ski, hapo hakuna mjadala. Unageuka.

Wengine huchimba shimo, wakakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 na kuweka sepetu juu yake. Hupiga mara 10 kwa ncha za vidole wakitumia kifundo cha mkono, 10 kwa nguvu ya kiwiko, 10 kutoka begani, wakitazama itakatika lini. Ikikatika mapema, imekwambia la kutosha. Isipokatika, mimi nisingeiamini sana: shimo hilo linajua habari za pale lilipochimbwa tu, na upepo haukumwaga theluji sawasawa.