Je, wajua kwa nini mitume waliambiwa wasubiri kwanza kabla ya kwenda kuhubiri?

Mitume walikuwa na kila kitu ambacho leo tunadhani tukikipata tutakuwa Wakristo wazuri. Walitembea na Yesu mwenyewe, wakala naye, wakamsikia akifundisha laivu, wakamwona Lazaro anatoka kaburini, na baada ya ufufuo wakakaa naye tena siku 40 anawaeleza habari za ufalme wa Mungu. Chuo cha biblia gani kinaweza kukupa hayo? Lakini pamoja na yote hayo Yesu hakuwaambia haya sasa mko fiti, nendeni. Aliwaambia "kaeni humu mjini, hata mvikwe uwezo utokao juu" (Luka 24:49). Yaani msiondoke bado. Sasa walikuwa wamepungukiwa nini?

Ukitaka jibu muangalie Petro. Wengi wanamhubiri kama mtu mwoga, ila mi naona tunamwonea bure. Pale Gethsemane kikosi kilikuja usiku na mienge na silaha, na Petro ndo aliyechomoa upanga akamkata sikio Malko, mtumwa wa kuhani mkuu. Mwoga hafanyi hivyo, mwoga anakimbia mapema. Lakini usiku huohuo, uani kwa kuhani mkuu, watu wanaota moto, kijakazi tu anamuuliza kama na yeye ni mmoja wa wale, Petro anaruka mita mia. Mara tatu. Na sio kwamba alikuwa mnafiki aliposema "Ijaponipasa kufa nawe, sitakukana kamwe", alimaanisha kabisa kila neno. Nia alikuwa nayo, upendo alikuwa nao, mafundisho alikuwa nayo ya kutosha, ila ule uwezo wa kusimama dakika ileile inapohitajika ndo haukuwepo, na Yesu alishamwambia bustanini alipomkuta amelala wakati wa kuomba: "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu."

Halafu inakuja Pentekoste, siku 50 baada ya Pasaka. Mji ni uleule, viongozi ni walewale, hatari haijapungua hata kidogo. Petro anasimama mbele ya umati anawaambia waziwazi kwamba Yesu mliyemsulibisha ninyi Mungu amemfanya kuwa Bwana na Kristo, na siku hiyo watu wapata 3,000 wakaongezeka. Muda si mrefu akakamatwa, akapelekwa mbele ya baraza ambamo Anasi na Kayafa wamekaa, ndio, Kayafa kuhani mkuu yuleyule ambaye uani kwake Petro aliapa hamjui mtu huyu. Safari hii wao ndo wakabaki wanashangaa ujasiri wake. Kilichobadilika hapo katikati sio taarifa, kwa sababu taarifa alikuwa nazo toka mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba Roho Mtakatifu alimshukia, kama Yesu alivyoahidi kwenye Matendo 1:8 kwamba mtapokea nguvu na mtakuwa mashahidi wangu.

Sasa mtu anaweza kuuliza, kwani mtu wa kawaida mwenye nidhamu hawezi kuishi maisha mazuri bila hayo yote? Anaweza kwa sehemu, na tusidanganyane, kuna watu wasioamini kabisa ambao ni waaminifu kazini kuliko baadhi yetu. Kutoiba unaweza ukajilazimisha, hata hofu ya polisi inasaidia. Ila soma Mahubiri ya Mlimani taratibu uone Yesu anadai nini: wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi, usiue na hata hasira ya moyoni iangalie, usizini na hata kutazama kwa tamaa kumehesabiwa. Mdomo unaweza kuulazimisha useme nimekusamehe, mkono unaweza kuulazimisha usalimie, lakini moyo umpende kweli mtu aliyekuumiza, hiyo hakuna anayejilazimisha akaweza. Ndo maana Paulo, msomi wa sheria tena Farisayo, aliandika kwenye Warumi 7 kwamba lile jema nilipendalo silitendi bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo. Wengine wanasema hapo anaongelea maisha yake kabla ya kuokoka na wengine wanasema baada, lakini kila aliyejaribu kumfuata Yesu kwa wiki moja tu anaijua hiyo hali.

Hili swali kanisa lilishaligombania sana zamani, na waliolisimamia ni Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 300 alikuwepo mwalimu anaitwa Pelagius, asili yake Uingereza, akiishi Roma, aliyeona Wakristo wamelegea akasema mtu ana uwezo wake wa kuzishika amri, akiamua tu anaweza. Augustino, askofu wa Hippo ambayo leo iko Algeria, alikuwa ameandika sala fupi akimwambia Mungu: nipe kile unachoamuru, kisha amuru upendacho. Sala hiyo ilimkera Pelagius kwelikweli, aliona inawapa watu kisingizio cha uvivu. Lakini Augustino alikuwa anajua anachosema, alishahangaika miaka na tamaa zake akiwa anajua lililo jema na halimwingii. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, Tunisia ya leo, wakaamua kwamba neema haiishii kutuonyesha lililo jema, inatupa pia kulipenda na kuliweza. Kwangu mimi ule uamuzi ni moja ya zawadi kubwa bara letu limeupa Ukristo na ni aibu kwamba hatufundishwi sana makanisani.

Tuje huku kwetu. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka kiroho na akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda. Wote walikuwa Waanglikana, mmoja ni mmishenari kabisa, lakini wakakiri kuna kitu kinakosekana, wakakaa na Biblia kutafuta habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Miaka ya 1930 ukatokea ule uamsho uliosambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, wa watu wanaoitwa Balokole, yaani waliookoka. Kinachonigusa ni kwamba waliowashwa moto wengi wao walikuwa washirika tayari, wamebatizwa na katekisimu wanaijua. Lakini sasa wakaanza kukiri dhambi hadharani, kurudisha mali walizoiba, kuombana msamaha weusi kwa weupe katika zama za ukoloni, kitu ambacho hakuna kamati ya kanisa ingeweza kukipitisha kwa kura.

Kwenye uamsho huohuo ndo walitoka maaskofu wawili wa Uganda, Janani Luwum na Festo Kivengere. Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, wakipinga mauaji, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa. Kivengere akakimbilia Rwanda kwa miguu milimani na mke wake. Mwenyewe alisimulia kwamba moyo wake ulijaa uchungu dhidi ya Amin, mpaka Ijumaa Kuu mwaka huo akiwa London akasikia maneno ya Yesu msalabani, Baba uwasamehe, akaona hana jinsi ila kumwomba Mungu ampe uwezo wa kusamehe, na baadaye akasema hadharani kwamba anampenda Amin. Askofu mzima, mhubiri wa mataifa, hakuwa na msamaha huo mfukoni, ilibidi aombe.

Kwa hiyo nguvu za Mungu kazi yake ya kwanza ni hiyo. Sikatai uponyaji wala miujiza, Biblia imejaa, lakini inanisikitisha tukisikia neno upako tunawaza mafuta na maji ya kununua. Simoni mchawi wa Samaria alileta pesa auziwe nguvu na Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Ukisoma Wagalatia 5, tunda la Roho ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi, yaani mambo ambayo mkeo, mumeo na jirani yako wanayaona kabla mchungaji hajayaona.

Na je, ukishajazwa ndo umemaliza, unakaa tu Mungu afanye? Hapana. Paulo anawaambia Wafilipi utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, halafu hapohapo anasema kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu, vyote viwili vinakwenda pamoja. Petro huyuhuyu wa Pentekoste alikuja kuteleza tena kule Antiokia, akajitenga na Wakristo wa mataifa kwa kuogopa watu, Paulo akamkemea mbele ya wote. Na ukisoma Matendo 4, wale waliojazwa Pentekoste walipotishiwa na baraza walirudi kwa wenzao wakaomba upya, hawakusema sisi tulishajazwa juzi. Waliomba ujasiri, mahali pakatikisika, wakajaa Roho Mtakatifu tena, wakatoka kwenda kunena.