Tunaposema maulidi ni bidaa, tunasema nini hasa?

Mfungo Sita uliopita shangazi yangu wa Magomeni aliandaa kisomo cha maulidi. Turubai lilifungwa tangu asubuhi, mikeka ikatandikwa, masufuria ya pilau yakawa yanachemka uani. Alikuwa anatoka ndani na sinia yenye chetezo na mrashi pale kijana wetu mmoja, mtoto wa dada yangu, aliposimama mlangoni akamwambia, "Bibi, hii ni bidaa. Na bidaa ni haramu." Binamu yangu aliyekuwa juu ya ngazi akifunga taa akamjibu papo hapo: "Na hiyo bodaboda iliyokuleta ilikuwepo zama za Mtume? Mbona hiyo huiiti bidaa?" Watu wakacheka. Kijana akaondoka amenuna. Shangazi akabaki kimya na sinia yake mkononi.

Wote wawili nawapenda, na wote wawili wamekosea. Makosa yao hayo hayo nimeyasikia kwenye daladala, kwenye mabaraza ya kahawa Kariakoo, kwenye mawaidha ya vipaza sauti na kwenye kundi la simu la familia, mwaka baada ya mwaka, hasa mwezi huu wa kuzaliwa Mtume (s.a.w.) unapoingia.

Maana kwa ufupi: bidaa ni jambo jipya katika dini, ambalo halikuwepo zama za Mtume. Ugomvi wote umo ndani ya hayo maneno mawili, "katika dini", kwa sababu wapo wanazuoni wakubwa walioyaweka ndani ya maana ya bidaa na wapo wakubwa vilevile walioyaacha nje. Nitalirudia hilo. Kwanza neno lenyewe.

Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, ba, dal na ain, na maana yake ni kuanzisha kitu pasipo mfano uliotangulia. Neno hilo halina ubaya wowote ndani yake. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 117, ameitwa Badiu wa mbingu na ardhi, yaani aliyeziumba bila kuiga kitu chochote. Katika Surat al-Ahqaf, aya ya 9, Mtume anaamrishwa aseme kwamba yeye si bid-an miongoni mwa mitume, yaani hakuwa wa kwanza, wametumwa wengine kabla yake. Mwanafunzi wa balagha, elimu ya ufasaha wa Kiarabu, naye anaijua elimu ya badii, elimu ya kuyapamba maneno. Mzizi ni ule ule.

Hapa niseme na hili, maana limeenea kwenye ujumbe wa simu. Wengi wanaandika "maulidi ni bidhaa". Bidhaa ni mali ya biashara, ile inayoshushwa kwenye malori Kariakoo, na mzizi wake una herufi dhad badala ya dal. Ndilo neno lililomo katika Surat Yusuf, pale wale wasafiri walipomtoa Yusuf kisimani wakamficha kama bidhaa. Haya ni maneno mawili yasiyo na undugu.

Sasa nije kwenye linaloniumiza zaidi, nalo ni tafsiri. Kwa Kiswahili tumezoea kuiita bidaa uzushi. Lisikilize vizuri hilo neno. Uzushi unatokana na kuzua, na kwetu mtu hazui jambo la kweli. Ukisema "amenizulia", umesema amekusingizia. Ukisema "huo ni uzushi", umesema ni uongo. Kwa hiyo anayelitafsiri neno bidaa kwa uzushi ameshamaliza kesi kabla shahidi hajasimama. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi tena kuuliza "bidaa ya namna gani?", kwa kuwa hakuna uongo wa namna mbili.

Jaribu tafsiri hiyo kwenye kauli mashuhuri kuliko zote katika mlango huu. Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwakuta watu msikitini usiku wa Ramadhani wanasali mmoja mmoja na kwa makundi madogo madogo, akawakusanya nyuma ya msomaji mmoja, Ubayy bin Kaab. Usiku mwingine alipotoka akawaona wamepanga safu nyuma ya msomaji huyo, akasema, kama alivyopokea Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kwamba bidaa nzuri ilioje hii. Weka hapo "uzushi mzuri ulioje huu" uone kama ulimi wako utakubali. Hautakubali, kwa sababu Kiswahili hakina uzushi mzuri.

Wanaopinga maulidi wana jibu kwa kauli hiyo, na ni jibu la kielimu, si la ubishi. Wanasema Umar alitumia neno kwa maana ya lugha tu, kwa kuwa tarawehe ya jamaa ilikuwa na asili: Mtume mwenyewe aliwasalisha watu siku chache, kisha akaacha akihofia isije ikafaradhishwa. Bidaa ya kisheria, wanasema, ni jambo la ibada lisilo na asili kabisa, na hiyo haina nzuri, kwa kuwa Mtume amesema katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mkusanyaji mwingine wa hadithi, kwamba kila bidaa ni upotofu. Aliyeifafanua njia hiyo kwa kina ni Imamu Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 790 Hijria. Kwake bidaa ni njia iliyobuniwa katika dini, ikifanana na sheria, mtu akaifuata kwa kusudio la kuzidisha ibada. Ukishika maana hiyo, basi neno uzushi linafaa, nami sina ugomvi nawe.

Lakini sisi wa pwani hii wengi wetu ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na maimamu wa madhehebu yetu walipita njia nyingine. Imamu Shafii mwenyewe amenukuliwa akiyagawa mambo mapya mafungu mawili: linalopingana na Kitabu, Sunna, kauli za Masahaba au ijmaa (makubaliano ya wanazuoni), hilo ni bidaa ya upotofu, na jambo la kheri lisilopingana na chochote katika hivyo, hilo halilaumiwi. Baadaye Izzu-din bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, akalieneza neno kwa kila kisichokuwepo zama za Mtume, kisha akaligawa kwa hukumu tano. Iko bidaa ya wajibu, akatoa mfano wa kusoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ili Qur'ani ifahamike. Iko ya haramu, kama itikadi za makundi yaliyopotoka. Iko inayopendeza, kama kujenga madrasa. Iko ya karaha, kama kuinakshi misikiti, na sijui tungemwambia nini leo akiiona baadhi ya misikiti yetu. Na iko ya halali tu, kama kujitanulia katika vyakula vitamu. Imamu Nawawi naye, katika kuisherehesha hadithi ya "kila bidaa ni upotofu", akasema ni tamko la jumla lililokusudiwa baadhi, yaani si kila jambo jipya.

Ona basi walipojikwaa vijana wangu wawili. Yule wa mlangoni alisema bidaa ni haramu. Kwa njia ya Shafii na Izzu-din, neno bidaa bado si hukumu, ni mwanzo wa swali. Ukishasema jambo ni bidaa, umesema halikuwepo. Bado unadaiwa useme linaangukia wapi katika yale matano. Yule wa ngazini naye alijibu kwa bodaboda, na jibu hilo halimpigi mpinzani wake hata kidogo. Anayefuata maana ya Shatibi hajawahi kusema pikipiki ni bidaa, kwa kuwa hakuna anayepanda pikipiki akiamini kwamba kule kupanda kwenyewe ni ibada. Hadithi ya Bi Aisha walioipokea Bukhari na Muslim inasema mwenye kuzusha "katika jambo letu hili" lisilokuwemo, litarudishwa. Jambo letu ni dini. Hoja ya gari, simu na kipaza sauti ina nguvu kwa aliyekubali maana pana ya Izzu-din peke yake, na huyo hana haja ya kujibiwa, mko upande mmoja.

Kuhusu maulidi yenyewe, hakuna mwanazuoni wa upande wowote anayedai yalisomwa zama za Masahaba. Historia inayajua kwenye makasri ya Wafatimi, watawala wa Kishia wa Misri, na kwa upana zaidi Irbil, Iraq ya leo, chini ya Mfalme Mudhaffar, aliyefariki mwaka 630 Hijria. Kitabu cha Barzanji tunachokisoma kwenye maulidi kiliandikwa Madina karne ya 18 ya Miladi. Kwa maana pana, basi, ni bidaa, na hilo wenye maulidi wasiliogope. Ibn Hajar al-Asqalani, mfafanuzi mkuu wa Bukhari, alianza fatwa yake kwa kukiri hivyo hivyo: asili ya maulidi ni bidaa, haikupokewa kwa wema wa karne tatu za mwanzo. Hakuishia hapo. Akasema yamekusanya mema na kinyume chake, na atakayeyachunga mema akajiepusha na kinyume chake, kwake ni bidaa njema. Akajenga hoja juu ya saumu ya Ashura, kwamba neema ya siku hushukuriwa siku hiyo inaporudi. Wengine wameitaja hadithi ya Muslim ambamo Mtume aliulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu akajibu kwamba ni siku aliyozaliwa.

Fakihani, mwanazuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 734 Hijria, alikataa kabisa, na moja ya hoja zake inastahili kutafakariwa: mwezi aliozaliwa Mtume ndio aliofariki, basi kwa nini furaha iwe na haki kuliko huzuni? Suyuti, mwanazuoni wa Kishafii, akamjibu kwamba sheria imetuamrisha akika, yaani kumchinjia mnyama mtoto anapozaliwa, lakini haikutuamrisha mfano wake mtu anapokufa. Mimi jibu hilo hunituliza, ingawa naelewa asiyetulizwa nalo.

Hata Ibn Taymiyya, ambaye vijana wa msimamo wa kijana wetu wanampenda, hakuandika wanavyodhani wengi. Alikataa kuifanya siku hiyo msimu, akasema wema waliotangulia hawakufanya. Lakini akasema pia kwamba wapo wanaoweza kupata ujira mkubwa humo kwa uzuri wa nia zao na kumtukuza kwao Mtume. Mtu anayeweza kushika mambo hayo mawili kwa pamoja hasimami mlangoni akamwambia mwanamke wa miaka 70 neno moja tu.

Na shangazi naye, kwa heshima zote, nilimwambia jambo baadaye. Huwa anasema harusi isiyosomewa maulidi haijakamilika. Hapana, shangazi. Nikaha inakamilika kwa walii, mashahidi wawili na ijabu na kabuli, yaani tamko la kuozesha na la kukubali. Anayeyaona maulidi kuwa sharti au faradhi ameyatia "katika dini" kwa namna ambayo hata wanaoyapenda wangeikataa. Kusimama kiamu msomaji anapofika kwenye kuzaliwa ni adabu ya mapenzi. Asiyesimama hajamvunjia Mtume heshima, na asikodolewe macho.

Jioni ile nilimfuata kijana nyumbani kwao. Sikumwomba abadili msimamo, kwa kuwa ana maimamu nyuma yake. Nilimwomba abadili maneno: badala ya "bidaa ni haramu", aseme, "Bibi, mimi nafuata wanazuoni wasioona dalili ya kisomo hiki, kwa hiyo nitakusaidia kubeba viti, nikae nje." Binamu nimemwomba aiache bodaboda, awataje Ibn Hajar na Suyuti. Amekubali, ila anaona ni majina marefu ya kusema ukiwa juu ya ngazi. Kilichobaki ni ule ujumbe kwenye kundi la familia, bado umeandikwa "bidhaa", na aliyeuandika nimemwomba aondoe hiyo h.