Narsinh Mehta: mwenye wimbo aliyefunikwa na Gandhi

Dhana: "Vaishnava Jana To" ni wimbo wa Gandhi.

Gandhi alizaliwa 1869. Narsinh Mehta, mtunzi wa wimbo huu, aliishi Junagadh, Gujarat, magharibi mwa India, karne ya 15. Gandhi aliuingiza katika sala za kila siku za ashramu yake, makao alimoishi na wafuasi wake, basi mwenye wimbo akasahaulika. Wala si ombi kwa Mungu, ingawa unaimbwa kama sala. Unaeleza mcha Mungu ni mtu wa namna gani: anayeumia kwa uchungu wa mwenzake, akisaidia hajigambi, ulimi wake hausemi uongo na mkono wake haugusi mali ya mtu. Wagujarati wa Mombasa na Dar es Salaam wanaujua vizuri.

Dhana: Ndiye wa kwanza kuandika mashairi ya Kigujarati.

Humwita Adi Kavi, mshairi wa mwanzo. Ni heshima tu. Watawa wa Kijaini, dini nyingine ya India, walishatunga tangu 1185.

Dhana: Alikuwa mtawa aliyeikimbia dunia.

Alikuwa na mke, Manekbai, na watoto. Alichokosa ni pesa. Husimuliwa kwamba mahujaji waliokuwa wakienda Dwarka, mji mtakatifu wa mungu Krishna, wakiogopa kubeba fedha njiani, walielekezwa kwake kwa mzaha wakachukue hundi. Naye, hana akiba popote, akaiandika kwa jina la Shamalsha, tajiri ambaye Dwarka nzima haimjui. Wakalipwa, na waumini wanasema mlipaji ni Krishna mwenyewe. Muujiza ni suala la imani. Hundi, hata hivyo, zilikuwa jambo la kweli: wafanyabiashara wa Gujarat walizitumia hadi Zanzibar. Ila kisa hiki kilivuma kwa tenzi za Premanand Bhatt wa karne ya 17, kwa hiyo anayekisoma kama kumbukumbu za Narsinh mwenyewe anakosea.

Dhana: Alikuwa Brahmin, tabaka la juu la Wahindu, kwa hiyo aliheshimiwa.

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wengi wanapopita haraka. Shairi moja lenye jina lake linasimulia alivyokwenda kuoga Damodar Kund, chini ya mlima Girnar, watu waliohesabiwa najisi wakamwomba akaimbe kwao. Akaenda, akaimba usiku kucha. Alfajiri akirudi nyumbani, Managar, Mabrahmin wenzake, wakamcheka na kumsimanga. Hakuomba radhi. Katika shairi jingine anawajibu kwamba yeye ndivyo alivyo, vilevile wanavyosema.