Mchaichai haupikwi kama strungi

Huku kwetu, kutoka Kericho hadi Nandi, chai ni mmea mmoja, na mmea huo una kafeini hata ukiuzwa kama chai ya kijani au ile ya zambarau. Rangi haiondoi kafeini. Isiyo nayo ni mchaichai, rozela (yale maua mekundu makali, haibiskasi), mnanaa, tangawizi, kamomili, na rooibos ya Afrika Kusini. Hizi ukizipika kwa mazoea ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, utazionea bure.

Naonja kwa kipimo cha waonjaji wa chai: gramu 2 za majani makavu kwa mililita 100 za maji, dakika 6, kikombe kimefunikwa. Maji yawe yanatokota kweli. Kisumu, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, huchemka yakifika nyuzi 96. Nakuru, karibu mita 1,850, ni 94 tu, kwa hiyo nikiwa huko naongeza dakika moja.

Mchaichai ndio unaoharibiwa zaidi. Harufu yake ya limau ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Ukiuacha nusu saa kwenye sufuria wazi, jirani ndiye aliyekunywa. Wewe umebakiwa na maji ya nyasi. Chukua mabua 2 mabichi, sehemu nyeupe ya chini, uyaponde kwa mchi mpaka nyuzi zifunguke. Tia kwenye nusu lita, chemsha kwa moto mdogo dakika 5, kifuniko juu, kisha epua uache dakika 5 nyingine. Ukinunua mkavu, sugua kidogo kati ya vidole. Usiponukia papo hapo, umekaa sana au ulianikwa kwenye jua kali.

Rozela ni gramu 6 kwa nusu lita, na moto uzimwe kwanza. Ikitoa zambarau iliyofifia badala ya nyekundu, lawama ni ya maji, hasa ya kisima yenye magadi, na Nakuru hayo si haba. Matone machache ya ndimu hurudisha wekundu. Floridi ya visima hivyo, madini yanayotia meno madoa, hata hivyo, haiondoki kwa kuchemsha. Chujio la mkaa wa mifupa ndilo huipunguza. Maziwa usithubutu kuyatia kwenye rozela, yatakatika. Rooibos ndiyo huyapokea, tena hata ukiisahau jikoni haiwi chungu, maana tanini yake, ile inayoleta ukakasi, ni kidogo. Kamomili dakika 5, basi. Anayemeza dawa za presha amuulize daktari kabla ya kuzoea rozela, kwani nayo hushusha presha.

Kuonja kwenyewe, subiri kikombe kipoe kidogo, chota kijiko, ufyonze kwa sauti bila haya ili hewa ipandishe harufu puani. Sukari baada ya kijiko cha tatu, si kabla. Anza na kamomili, kisha rooibos, mchaichai na rozela. Mnanaa na tangawizi ziwe za mwisho: zikitangulia, ulimi utapigwa ganzi na kamomili utaiona maji matupu.