Krediti za Chuo Hazimfuati Mtoto Zenyewe

Ninawashauri wanafunzi wa masomo ya ufundi katika shule za sekondari hapa Ohio, na imani moja imenichosha: kwamba mtoto akifaulu somo la ufundi, krediti za chuo, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa ili kupata shahada, tayari ni zake na zitatambuliwa popote aendako. Wazazi wetu waliotoka Kongo, Kenya na Tanzania huambiana hivyo kwa nia njema kabisa, halafu hushangaa bili ya muhula wa kwanza inapofika bila kupungua hata senti.

Njia za kupata krediti hizo mtoto akiwa bado sekondari ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni College Credit Plus, iliyoanza mwaka wa masomo wa 2015–16 kwa wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12. Mwanafunzi husoma kozi halisi ya chuo, na chuo kikiwa cha umma familia hailipi ada wala vitabu. Alama huingia moja kwa moja katika rekodi yake ya kudumu ya chuo, ikiwemo F, yaani kufeli. Mtoto wa miaka 16 aliyeanguka kozi mbili ataanza chuo akiwa na GPA, yaani wastani wa alama, iliyokwisha kuharibika, jambo linaloweza kumletea shida anapoomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na wilaya ya shule inaweza kuidai familia gharama za kozi hizo, isipokuwa familia yenye kipato cha chini.

Ya pili ni CTAG, makubaliano ya Ohio ya kutambua masomo ya ufundi ya sekondari katika vyuo vya umma. Hapa mwanafunzi hufundishwa na mwalimu wake wa ufundi, tuseme istilahi za tiba au kuchomelea vyuma, katika programu iliyoidhinishwa na jimbo, na akitimiza masharti, ambayo kwa kawaida ni pamoja na mtihani wa ufundi wa mtandaoni uitwao WebXam, hupata haki ya kudai krediti katika chuo cha umma cha Ohio chenye kozi inayolingana na hiyo. Haki hiyo asipoidai haimfai kitu. Ni lazima fomu ya uthibitisho ijazwe, shule ithibitishe kwamba alimaliza na kufaulu, kisha chuo kiziandike krediti katika rekodi yake. Vyuo binafsi na vyuo vya majimbo jirani havibanwi na makubaliano haya.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hata krediti zikishaandikwa, kazi haijaisha. Chuo kupokea krediti ni jambo moja, na krediti hizo kupunguza masomo ya shahada ni jambo jingine kabisa. Mchukulie binti mwenye krediti 3 za istilahi za tiba anayeingia kusomea uhasibu. Chuo kitazipokea bila ubishi, naye ataziona kwenye karatasi yake. Lakini ukiufungua mpango wa shahada yake, wenye krediti zipatazo 120, utakuta masomo ya uhasibu, takwimu, uchumi na uandishi. Istilahi za tiba zitapata nafasi tu ikiwa yamebaki masomo ya hiari, na nafasi hizo zikijaa, krediti zake hazitamwondolea hata somo moja. Kijana wa kuchomelea anayetaka uhandisi wa mitambo yuko pabaya zaidi, kwa sababu shahada hiyo huanzia kwenye kalkulasi na fizikia, na krediti za karakana, ambazo katika diploma ya miaka miwili ya ufundi zingemfaa sana, haziwezi kuziba pengo hilo.

Nina shaka ambayo vipeperushi vya shule haviitaji. Tunamwomba mtoto wa miaka 15 akusanye krediti za shahada ambayo bado hajaichagua, na sijashawishika kwamba krediti ndizo sababu bora ya kumpeleka kwenye ufundi. Ujuzi wenyewe, na cheti kinachomwezesha kuajiriwa akimaliza sekondari, vinatosha kuwa sababu.

Mzazi akija kuniuliza kama somo lina krediti, nitamjibu ndiyo, na jibu hilo litakuwa limemsaidia kidogo mno. Aulize litachukua nafasi ya somo gani, katika shahada ipi, katika chuo gani, na jibu alipate kwa maandishi kutoka chuoni. Fomu ya CTAG nayo ishughulikiwe kabla mtoto hajachagua masomo ya muhula wa kwanza, kwa sababu nimewaona vijana wakilipia na kukaa muhula mzima katika kozi ambayo walikwisha kuifaulu sekondari.